Sinza bei rahisi, ngoja bili ije. Wenye baa mmezidi sasa!

Wakuu habari za Jumatatu. Naandika hasira bado ziko juu, kwa hiyo lugha mtanivumilia.

Sisi wa mikoani Sinza ndiyo Dar yetu. Enzi za stendi ya Ubungo ulikuwa unashuka kwenye basi, unatafuta gesti Sinza, unakula, unakunywa, alfajiri unawahi safari. Stendi imehamia Mbezi tangu 2021 lakini ofisi za mabasi bado zimejazana Shekilango, na sifa imebaki palepale: Sinza ni bei chee, Sinza hakulali. Basi hiyo sifa ndiyo chambo wanachotuvulia.

Ijumaa nimemaliza kununua spea Kariakoo, nikamwambia shemeji yangu twende tukapumzishe akili. Tumekaa baa moja upande wa Mori, jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Dada kaja mbio mbio na tabasamu. Nikauliza bia bei gani. "Zote elfu mbili mia tano kaka, baridi au moto?" Menyu haipo, ukutani hakuna bei, kuna picha tu za nyama zilizopauka.

Sasa angalieni mchezo unavyochezwa. Chupa ikiisha, hujaishusha vizuri mezani, imeshabebwa. Nikadhani ni usafi. Shemeji ni mzoefu, akaanza kuficha vizibo mfukoni. Bili ilipokuja, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kipande cha boksi la sigara: bia 14 kwa elfu tatu tatu, jumla 42,000. Kitimoto kilo 16,000. Halafu "meza" 5,000. Jumla kuu 63,000. Shemeji akamwaga vizibo mezani, tukahesabu wote pamoja na dada mwenyewe: 9. Tisa kwa bei tuliyoambiwa ni 22,500. Hapo kwenye bia peke yake tumepigwa 19,500! Na hiyo meza ya elfu tano ni ya plastiki, mguu mmoja umewekewa kizibo isiyumbe.

Kuuliza bei imepandaje, jibu: "Ikishafika saa nne muziki unaanza, bei inabadilika." Nani alitangaza? DJ? Huyo DJ nisingemsikia hata angetangaza kiama, maana baa ya jirani ilikuwa inapiga singeli na ya kwetu amapiano, zote spika zimeelekezwa barabarani.

Hiyo kilo sasa. Imekuja kwenye sinia, kachumbari imepigwa mlima, ndizi mbili pembeni, ukifukua chini unakuta vipande unavyovimaliza kuhesabu kabla hujakamua limao. Najua nyama ikikaangwa inanywea, msije kunielimisha. Ninachouliza ni mzani uko wapi? Nimeenda jikoni kabisa. Mzani upo nyuma ya pazia, sahani yake imefunikwa na mfuko wa mkaa, na stika ya Wakala wa Vipimo sikuiona. Mkaangaji ananiambia "bosi sisi tunajua kwa mkono."

Meneja kaja. Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, si ndiyo tunaimbiwa kila siku, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti? Tena sheria inambana mpaka mteja asiyedai. Kasema mashine haina mtandao. Nikasema sawa, nalipa kwa lipa namba nibaki na ushahidi. Jina lililotokea kwenye simu si la baa, ni la mtu binafsi. Hapo mabaunsa wawili wameshasogea, na meneja ananiita "mzee, usituletee fujo." Mimi mzee lini? Tulilipa za vizibo na ile kilo yao, ya meza hatukutoa, tukaondoka huku tunatukanwa.

Yule dada simlaumu sana kama ninavyomlaumu tajiri yake. Wakati tunabishana alininong'oneza kwamba shoti yoyote ya kaunta inakatwa kwenye mshahara wake, na mteja akikimbia bila kulipa ni yeye tena. Ukimbana mtu hivyo, hasara anaihamishia kwa nani kama si kwa mgeni mwenye lafudhi ya bara? Tajiri yuko kwake amelala.

Gesti sitaki hata kuieleza. Kwenye simu 25,000, mlangoni 35,000 kwa sababu "ni wikiendi", pangaboi linalia kama mashine ya kusaga, na mapokezi wanagonga asubuhi na mapema chumba kinatakiwa na watu wa kupumzika.

Kinachoniuma ni kwamba Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970, kwenye mradi uleule wa Kijitonyama na Mikocheni wenye hela ya Benki ya Dunia, ili mtu wa kipato cha chini naye apate pa kukaa mjini. Leo huyo huyo wa kipato cha chini ndiye anawindwa. Masaki ni ghali, sawa, lakini bei unaisoma kabla hujavuta kiti, ukiona haikufai unaondoka na heshima yako.

Wale wa "kama huna hela kunywa maji nyumbani" naomba mpite kimya kimya. Hela ninayo, ninachokataa ni kuibiwa.

Halmashauri ya Ubungo, leseni mnazitoa nyie. Mnashindwaje kulazimisha bei ibandikwe ukutani na mzani ukae kaunta mteja auone?

Wenyeji wa Kijiweni, Kumekucha, Afrika Sana, anayeijua baa ambayo bei imeandikwa na risiti inatoka aitaje hapa. Mwisho wa mwezi nashuka tena kufuata spea, na shemeji ameshaanza kuuliza tunaenda wapi.