Kazi Mwenge, kiwanja Bagamoyo: inawezekana kweli?

Mfamasia_Sinza
Habari zenu wakuu. Kazi yangu ipo Mwenge, naingia saa 2 asubuhi. Mimi na mume wangu tumepanga Sinza mwaka wa saba huu, chumba na sebule, watoto wawili. Dalali ametuonyesha kiwanja Nianjema, Bagamoyo mjini, mita za mraba 600. Anasema kimepimwa, ila alichonacho mkononi ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Pesa yetu kwa Bunju haifiki hata nusu. Mnaoishi kule na kushuka Dar kila siku, mnaamka saa ngapi? Na karatasi hiyo inatosha?

Mama wa Ukuni
Mdogo wangu, mimi nakaa Ukuni, huku huku Bagamoyo, mwaka wa sita na kazi yangu iko hapo hapo Mwenge.

Saa 10 alfajiri nimeshawasha jiko. Saa 11 niko ndani ya basi la Makumbusho. Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, huko kote gari linateleza na watu wamelala. Mkishavuka Mto Mpiji na kuingia Bunju, hesabu inabadilika: Boko, Tegeta, na huu ujenzi wa njia za mwendokasi. Siku nzuri nashuka saa 1 kasoro, siku mbaya saa 2 inanikuta Tegeta. Kurudi ndiko kugumu zaidi. Ijumaa nikitoka kazini saa 11 jioni, naweza kufika nyumbani saa 3 usiku. Mwanangu wa mwisho, miaka yake miwili ya mwanzo alinijua Jumamosi na Jumapili tu. Hilo bado linaniuma, na dalali hawezi kukwambia.

Lakini sirudi kupanga. Watoto wana uwanja, nina miembe miwili na kuku, usiku nasikia upepo wa bahari badala ya muziki wa baa. Jumamosi asubuhi nashuka ufukweni kwenye soko la samaki, narudi na changu wa mchuzi wa nazi. Hiyo raha nimeilipia, siionei haya.

Sasa karatasi. HAITOSHI. Kiwanja changu cha kwanza kilikuwa Kerege, nikanunua kwa karatasi ya namna hiyo hiyo, mashahidi watatu, muhuri umekolea. Siku ya kupeleka tofali nikakuta mtu anachimba msingi, naye ana karatasi yake, na baadaye akatokea wa tatu. Akiba ya miaka minne ilikwenda hivyo.

Kama kimepimwa kweli, kina namba ya kiwanja na kitalu. Mwambie dalali akupe hizo namba leo, akianza kuzungushazunguka umeshapata jibu. Nenda nazo mwenyewe idara ya ardhi ya halmashauri, waombe wakuonyeshe kwenye ramani ya mipango miji, maana kuna watu wameuziwa eneo la shule na la makaburi. Kisha fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki juu yake, na hati ni ya miaka 33, 66 au 99, imebaki mingapi. Muuzaji akiwa na mke au mume, huyo naye aridhie kwa maandishi. Pesa ipite benki.

Halafu nenda Nianjema bila dalali. Piga hodi nyumba ya jirani, salimia, kaa, uliza kiwanja hicho ni cha nani. Kule watu wanajuana na watakwambia.

Fundi Mapinga
Dada, nenda mwezi wa nne mvua ikiwa imekolea. Kiwanja kinachong'aa Januari, masika kinaweza kuwa bwawa. Uliza pia maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki, visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi. Na ukianza kujenga, usikubali mchanga wa ufukweni hata ukiuziwa bei ya kutupa. Ile chumvi inakula nondo ndani kwa ndani, nimebomoa nguzo za watu wenye nyumba changa kabisa.

Mkazi_Kerege
Ukionyeshwa kingine cha "kuona bahari", kumbuka sheria ya mazingira ya 2004: mita 60 kutoka majini hakujengwi makazi. Wengi wanaliwa hapo.

Mfamasia_Sinza
Mama wa Ukuni, Mungu akulipe dada yangu. Nimemuomba dalali namba ya kitalu tangu juzi, anasema aliyenayo amesafiri. Jumamosi tunakwenda Nianjema wenyewe na mume wangu. Tumeongea pia tupange chumba huko mwezi mmoja kwanza, nipande hilo basi la saa 11 nione. Chumba cha kupanga karibu na stendi naweza kumuuliza nani asiye dalali?

Mama wa Ukuni
Njooni kwangu Jumamosi mchana, nitawapeleka. Nakutumia namba yangu pembeni.