Kambi ya nyimbo: kijana wangu kaambiwa nafasi zimejaa

Mama wa Kiwira, Bautzen

Mugonile wa Rungwe, kamwene wa Iringa.

Kijana wangu wa miaka 15 amepata marafiki wanaopiga gitaa na kuimba nyimbo za kale za Kijerumani. Nilifurahi, afadhali gitaa kuliko simu. Video nikamtumia dada Mbeya, ukoo mzima ukapiga vigelegele. Sasa wenzake wanakwenda kambi ya wiki moja, mahema na moto, yeye kaambiwa nafasi zimejaa. Ananililia nimpigie kiongozi wao, nilipe hata mara mbili. Nilishashika simu, ndipo jirani yangu Mjerumani akakiona kitabu chao cha nyimbo mezani. Jalada la nyuma lina jua jeusi, miale yake imekunjwa kama radi. Akanyamaza, kisha akauliza: "Hiki cha nani?"

Kuna aliyewahi kukutana na jambo hili?

Baba Kihesa, Berlin

Dada, simu hiyo weka chini.

Jua hilo la miale 12 limetolewa sakafuni mwa ngome ya Wewelsburg, iliyokuwa mikononi mwa Himmler na SS yake, kikosi cha Wanazi wa Hitler. Na kambi za namna hiyo si ngeni huku. Vyama viwili vya vijana vya Wanazi mamboleo vilikuwa nazo: Wiking-Jugend ilipigwa marufuku 1994, Heimattreue Deutsche Jugend ikafuata 2009. Kwa mbali ungeona watoto nadhifu, wanaimba, wanaota moto. Ubaguzi walilishwa humo humo, kati ya wimbo na chakula cha jioni.

Lakini nyimbo usimkataze. Vijana wa Wandervogel, chama cha matembezi na nyimbo, walianzia Steglitz, Berlin ya leo, 1901, wakizunguka misituni na magitaa yao. Wanazi waliposhika nchi 1933, vikundi vya aina hiyo vilivunjwa na vijana wakasombwa kuingizwa Hitlerjugend, umoja wa vijana wa Hitler. Hans Scholl, aliyeuawa 1943 kwa kumpinga Hitler, alikuwa ameshakamatwa 1937 kwa kuendeleza mambo ya vikundi hivyo vilivyokatazwa. Moto ule ule, gitaa lile lile. Kwa hiyo mimi huangalia kitabu kachapa nani, shamba la kambi ni la nani, na nani anaambiwa zimejaa.

Mwalimu mstaafu, Kalenga

Kamwene wanangu. Msidhani huu ni ugonjwa wa wazungu peke yao. Simon Bikindi wa Rwanda alikuwa bingwa wa ngoma na nyimbo za asili, na mahakama ya Arusha iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda ikamfunga miaka 15 mwaka 2008. Ila tusimsingizie: kilichomtia hatiani ni maneno ya kuhimiza Watutsi wauawe, aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani. Nyimbo zake majaji walikubali kwamba zilitumika kuchochea chuki, lakini hazikuwa ndizo zilizomfunga.

Na sisi je? Wahehe na Wangoni tulichinjana, leo tunatukanana misibani na kucheka. Mgeni akiturekodi, akarusha YouTube bila maelezo, tutaitwa nani?

Binti Mafinga, Leipzig

Shikamoo mwalimu. Hapo kwenye utani sikubaliani nawe. Mtani anayetukanwa yupo pale pale, anajibu mapigo, na kaburi anasaidia kuchimba. Huyu mtoto hata kwenye orodha hayumo.

Mama wa Kiwira, huko jimboni kwako Sachsen lipo shirika la Kulturbüro Sachsen. Wana timu ya ushauri kuhusu mambo haya ya ubaguzi, inayoitwa Mobile Beratung, hawatozi kitu na siri yako hawaitoi. Majimbo mengine nayo yana timu za namna hiyo. Mwone pia mwalimu wake wa darasa. Na tafadhali, kurasa za hicho kitabu usizirushe kwenye status ya WhatsApp ili tuone. Kama ndani mna swastika au alama za SS, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kinachokataza kuonyesha alama hizo, kinaweza kukugeukia wewe.

Mama wa Kiwira, Bautzen

Asanteni sana. Shikamoo mwalimu, marahaba binti.

Simu sikupiga. Jumatano ya wiki ijayo tuna miadi na hao washauri. Kijana kanuna siku ya tatu leo, anasema namvunjia urafiki. Chakula anakula chumbani. Kitabu nimekificha kwenye ndoo ya unga wa ugali, maana huko hagusi kamwe. Shida ni kwamba si chake, ni cha mwenzake, na mama wa huyo mwenzake kanitumia ujumbe wa adabu tele: anakihitaji kabla ya Ijumaa hii. Nimrudishie, au nikae nacho mpaka Jumatano ipite?