Baba anaumwa mguu usiku, mashine ya TENS itamfaa?

BintiFundi
Habari zenu wakuu. Baba yangu ni fundi cherehani hapa Muheza, ana miaka 68, ana kisukari, na sigara kaiacha juzijuzi. Akienda msikitini, kabla hajafika kwenye mashine ya kusaga shavu la mguu wa kulia linambana. Anasimama, linaachia, anaendelea. Sasa maumivu yamehamia kitandani. Usiku namkuta amekaa ukingoni, mguu kauning'iniza, anasema ndipo anapata nafuu. Zahanati walisema damu haifiki vizuri, wakampa dawa za maumivu. Jirani ana TENS, ile mashine ya kutuliza maumivu kwa umeme, ya betri yenye nyaya na vibandiko. Kuna aliyeitumia kwa mgonjwa wa namna hii? Vibandiko vinakaa wapi?

Mama Nasra
Pole mdogo wangu. Mama yangu aliitumia kwa kiuno, akawa analala. Kwa mguu sijui. Sisi tulikuwa tunamloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi, jaribuni.

Fizio_Moro
Mama Nasra, maji ya moto hapana kabisa, tafadhali. Mwenye kisukari anaungua bila kuhisi, na kidonda kwenye mguu usiopata damu hakifungi.

BintiFundi, anachoeleza mzee ndivyo zinavyojieleza ateri (mishipa inayopeleka damu mguuni) zilizoziba. Kubanwa njiani ni dalili ya mapema. Kuamka usiku na kuning'iniza mguu ni hatari zaidi, maana damu inahitaji mteremko ndipo ifike vidoleni. Mlaze chali, umwinulie miguu kama dakika moja, utazame nyayo. Wayo ukipauka, kisha akishusha mguu ukaiva wekundu, msingoje wiki ijayo.

TENS inapitisha mapigo madogo ya umeme kwenye ngozi, mara nyingi 80 hadi 100 kwa sekunde, na kuamsha mishipa minene ya fahamu, ile inayobeba hisia za kuguswa. Taarifa zake zikifika uti wa mgongo zinayabania njia maumivu yanayokuja na mishipa myembamba. Watafiti wa maumivu Melzack na Wall walilieleza hilo mwaka 1965, na ndiyo sababu ukijigonga kiwiko unakisugua. Ni msaada wa kweli. Kuna majaribio ambamo wagonjwa wa kubanwa shavu la mguu walitembea mbali kidogo zaidi ikiwa imewashwa. Lakini haizibui ateri. Mguu unaweza kutulia huku nyama inakufa, na kwa mzee wako hilo ndilo ninaloliogopa.

Kipo pia kifaa cha kupandikiza, waya wake unakaa karibu na uti wa mgongo. Tangu miaka ya 1970 kimetumika kwa wagonjwa ambao ateri zao hazirekebishiki kwa upasuaji. Hicho ni cha hospitali kubwa na wataalamu wake.

Mpeleke hospitali ya Bombo, Tanga, muombe rufaa ya daktari wa mishipa ya damu. Apimwe presha ya kifundo cha mguu na ya mkono kwa dopla, kile kipimo cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza damu ikipita. Ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikatoka chini ya 0.9, kuna kuziba. Ila kisukari hukakamaza ateri, namba ikapanda hata juu ya 1.4 na kudanganya. Hapo waombeni wapime presha ya kidole gumba cha mguu.

Mashine isubiri kwanza. Mfumbe macho, mguse vidole na wayo kwa pamba, akwambie anapohisi. Je, ana kifaa cha moyo kifuani?

BintiFundi
Shikamoo daktari, asante sana. Kifaa cha moyo hana. Pamba hakuihisi kwenye kidole gumba wala chini ya wayo. Na wayo umepauka kweli, nimeuona.

Fizio_Moro
Marahaba. Basi vibandiko visiguse mguu huo hata kidogo. Ngozi yenye ganzi haitamwambia umeme ukizidi. Daktari akiridhia, vinaweza kukaa chini ya mgongo, pande mbili za uti, mahali anapohisi vizuri, umeme uwe wa kumtekenya tu.

Mkague katikati ya vidole kila jioni, asitembee peku hata ndani. Na mguu ukigeuka baridi ghafla, ukapauka, vidole vikagoma kucheza, tafuta gari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

BintiFundi
Kaka yangu ameshakubali kutupeleka Tanga kesho asubuhi. Dawa zake zote nazibeba kwenye mfuko mmoja, pamoja na daftari la sukari.

Fizio_Moro
Vizuri. Andika pia alivuta sigara miaka mingapi, wataliuliza hilo mapema. Dopla ikitoka, leta majibu hapa tuyasome pamoja.