Familia Barabara ya 12: yule mama wa kwenye simu

Shangazi Rukia: Asalaam alaykum jamani. Zuhura, ile tamthilia yako ya Wadenmaki nimeitazama jana, Mwanaidi akinisomea maandishi ya chini. Sikulala.

Zuhura (Malmö): Waalaykum salaam. Shikamoo shangazi. Ni wapi palipokukosesha usingizi?

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Pale gari linapotolewa majini, na maiti ya binti yao imo. Baba anataka kusogea, askari wanamzuia, na mkewe yuko kwenye simu anasikia yote. Hakuna aliyemwambia neno. Anasikia tu mumewe anavyolia. Mimi habari ya marehemu kaka yangu niliipata hivyo hivyo, simu imepokelewa, mtu haongei.

Zuhura (Malmö): Pole sana shangazi. Na mimi hiyo tamthilia, Forbrydelsen, ilinishika hapo hapo.

Bakari: Ila da Zuhura, sehemu 20 kwa kesi moja? Zile za Kimarekani, dakika 40 tu muuaji ameshatiwa pingu, mnakwenda kulala.

Zuhura (Malmö): Na marehemu wa kwenye hizo unamkumbuka jina?

Bakari: Hapo umenipata.

Zuhura (Malmö): Huyu binti anaitwa Nanna Birk Larsen, ana miaka 19. Sehemu moja ni siku moja. Televisheni ya taifa ya Denmaki ilianza kuirusha Januari 2007, ikatoa sehemu 10, watu wakangoja miezi mpaka vuli ndiyo wakapata 10 zilizobaki. Siku ya tatu, ya tano, ya kumi, bado unarudishwa jikoni kwa wazazi wake. Wadogo zake wawili wanataka kula, jeneza linatakiwa lichaguliwe, na baba ana biashara ya kuhamisha vyombo vya watu, malori yanamngoja. Kwetu kifo kina matanga, kina hitima, mikeka inatandikwa mpaka barazani. Wale wawili wamejifungia na msiba wao. Anayekaa nao ni wewe mtazamaji. Ukifika sehemu ya 20 unahisi umetoka kuzika.

Shangazi Rukia: Hata majirani hawaji?

Zuhura (Malmö): Huku Uswidi mtu hubisha hodi kwa miadi, shangazi. Mwaka wangu wa kwanza nilifiwa na mama, mnakumbuka. Desemba, jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Nilikuwa natoka kazini gizani, naingia ndani, nakaa na ile familia. Zilinifaa mno zile siku.

Mjomba Hamisi: Mungu amrehemu dada yangu.

Shangazi Rukia: Amin.

Bakari: Amin.

Mjomba Hamisi: Mimi nazungumza kama mtu aliyefanya upelelezi miaka 31. Ninayoipenda ni Broen, tamthilia ya Waswidi na Wadenmaki. Taa za daraja zinazimika, zikiwaka kuna maiti juu ya mstari wa mpaka, kichwa Uswidi, miguu Denmaki. Wakiinua, kumbe ni nusu mbili za watu wawili. Hebu iwe ni Horohoro, mpakani na Kenya, nusu iko kwetu, nusu iko Lungalunga. Swali la kwanza: jalada linafunguliwa kituo gani? Halafu inakuja gari la wagonjwa. Saga Norén, mpelelezi wa Uswidi, anakataa lisipite, eneo la tukio lisivurugwe. Martin Rohde, mpelelezi wa Denmaki, analiruhusu. Mimi nimesimama kwenye uamuzi huo huo barabara ya Segera, usiku, mvua inanyesha. Niliruhusu gari. Ushahidi ulisombwa na maji, mgonjwa akapona.

Bakari: Hii hujawahi kutuhadithia mjomba.

Mjomba Hamisi: Hamkuwahi kuuliza.

Zuhura (Malmö): Daraja lenyewe ni la kweli, mjomba. Øresund, lilifunguliwa 2000, karibu kilomita 8, halafu unaingia handaki chini ya bahari mpaka upande wa Copenhagen. Navuka kwa treni, simu inalia katikati ya safari: umekaribishwa nchi nyingine. Na kila mmoja mle anasema lugha yake, Saga Kiswidi, Martin Kidenmaki, wanasikilizana kwa kutegeana sikio. Kama wewe na yule fundi wako wa Bukavu.

Bakari: Swali. Hizo si nchi za amani? Mbona hadithi zao ni maiti tupu?

Zuhura (Malmö): Waziri mkuu wa Uswidi, Olof Palme, alitoka sinema na mkewe usiku wa tarehe 28 Februari 1986, kwa miguu, bila mlinzi. Akapigwa risasi barabarani Stockholm. Mwaka 2020 jalada likafungwa, aliyetajwa ameshakufa, mahakamani hakufika. Pale alipoanguka wameweka bamba kwenye njia ya miguu. Nimesimama pale, watu wanapita na mifuko ya sokoni. Nadhani tangu hapo wanajiuliza nani alikuwa karibu nao wasimwone.

Mjomba Hamisi: Palme alikuwa rafiki wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ile habari tuliisikia redioni, kambi nzima kimya.

Shangazi Rukia: Haya, adhana hiyo. Baada ya Isha mimi na Mwanaidi tunaingia sehemu ya pili. Asinitajie mtu muuaji. Nataka nijue kwanza yule mama, nani amekwenda kukaa naye.