Treni isiyo na injini hupandaje mita 139?

Mwalimu wa Mbagala
Ndugu zangu, habari za jioni. Ninafundisha fizikia kidato cha tatu, na juzi, tulipofika kwenye mada ya nishati, kijana mmoja aliniuliza kuhusu Kingda Ka, rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kushuka vilima vya reli) ya New Jersey, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2005 na kushika rekodi ya urefu wa kwenda juu duniani hadi ilipofungwa mwaka 2024. Treni yake haikuwa na injini, lakini ilipanda mita 139. Je, ingekosa nguvu kabla ya kufika kileleni? Na kwa nini abiria huhisi tumbo limebaki juu?

Fundi Mitambo
Mwalimu, nguvu yote ilitolewa chini. Mtambo wa haidroliki, yaani unaotumia shinikizo la mafuta, ulivuta kamba ya chuma, na treni iliyosimama ikafikia kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5, wakati treni yetu ya SGR ya kwenda Morogoro imesanifiwa kwa kilomita 160. Ukipuuza msuguano, kufika mita 139 kunahitaji kama kilomita 188 kwa saa. Ziada ile huliwa na upepo na magurudumu. Kuna siku ziada haikutosha, treni ikaishia karibu na kilele na kurudi kinyumenyume, na hapo breki za sumaku ziliipokea. Breki hizo ninazipenda sana, kwa sababu shaba na sumaku zikipishana huzaliwa mkondo wa umeme unaopinga mwendo, hivyo hata umeme ukikatika treni itapunguzwa kasi. Magurudumu nayo hukaa juu, ubavuni na chini ya reli, kwa hiyo treni haichomoki.

Dada wa Kariakoo
Kuhusu tumbo, niruhusuni nieleze niliyoyaona. Nikirudi kuchukua mzigo Dubai nilipitia Abu Dhabi nikapanda rola kosta ya Formula Rossa, ambayo ina mita 52 tu kwenda juu lakini hufikia kilomita 240 kwa saa. Ushungi nilimwachia mdogo wangu, na kwa kuwa nilikaa mbele nilivalishwa miwani ya kukinga macho. Mwendo ulipoanza, mgongo ulinata kwenye kiti nikashindwa hata kuinua shingo. Ila raha yenyewe iko pale treni inapovuka mgongo wa kilima: wewe na kiti mnaanguka pamoja, kiti hakikusukumi tena, na uzito unakutoka. Waambie wanafunzi wakumbuke daladala likiruka tuta kwa kasi, wao wakiwa siti ya nyuma kabisa.

Mwalimu wa Mbagala
Dada yangu, mfano wa tuta wataushika mara moja. Je, Kingda Ka bado ipo?

Fundi Mitambo
Ilibomolewa kwa baruti Februari 2025, na Falcon's Flight ya Qiddiya, Saudi Arabia, imeupita urefu wake. Wape vijana Top Thrill Dragster ya Ohio, ya mwaka 2003, yenye mita 128, watafute kasi ya chini ya kufika kileleni. Jibu lisipungue kilomita 180 kwa saa.