Mpwa wangu ametakiwa kuthibitisha uhalali wa ukaazi wake Georgia, na masomo yanaanza Agosti

Mjomba wa Wete

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, naandika kwa niaba ya dada yangu, ambaye yupo hapa Pemba, na binti yake, ambaye yupo Georgia, Marekani, pamoja na baba yake. Binti alizaliwa Februari 2007. Aliingia Marekani Novemba 2023 kwa viza ya uhamiaji aliyoombewa na baba yake, akapata kadi ya ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita grini kadi, na Mei 2025 amemaliza sekondari huko huko. Amekubaliwa katika chuo kikuu cha umma. Tulikuwa tumeshaanza kupeana hongera pale zilipokuja barua mbili.

Ya kwanza inasema chuo hakijaweza kuthibitisha kuwa yupo nchini kihalali, na kwa hiyo ametozwa ada ya mtu wa nje ya jimbo, ambayo ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mkaazi. Ya pili inatoka ofisi ya msaada wa masomo: fomu yake ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, haikulingana na kumbukumbu za uhamiaji, na taarifa za mzazi mmoja hazijakamilika. Mzazi huyo ni dada yangu, ambaye hajawahi kufika Marekani na kipato chake ni karafuu na kiduka cha vitambaa.

Baba mtu hufanya kazi zamu ya usiku, na siku zake za mapumziko ofisi hizo huwa zimefungwa. Jamaa mmoja wa huko amemshauri binti airekebishe fomu aandike kuwa yeye ni raia, kwa kuwa baba yake ameshaapa uraia, eti hapo kompyuta itampitisha. Ushauri huo umetutia hofu. Naomba anayejua kwa hakika atueleze.

Bi wa Unguja, sasa Atlanta

Wa alaykumu salaam, Maalim. Nifikishie salamu kwa dada, na umwambie barua hizo si za kufukuzwa. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya msaada wa masomo ya chuo kimoja cha umma hapa Georgia, na kila msimu wa kiangazi tulikuwa tukizituma kwa wanafunzi wengi ambao karatasi zao hazikuwa na kasoro yoyote ya kisheria.

Kwanza, jamaa huyo asisikilizwe mpaka lijulikane analolisema. Mtu asiye raia akidai kuwa ni raia ili apate manufaa ya serikali, sheria ya mwaka 1996 inamfungia mlango wa uraia na inaweza kumrudisha alikotoka, hata kama alitaka tu kuharakisha mambo. Nimeona kijana mmoja akilia mbele ya meza yangu kwa tiki moja aliyoiweka mahali pasipo pake, na sikuwa na la kumsaidia.

Sasa tuje kwenye barua. Watu wetu wengi hudhani kwamba grini kadi inajibu kila swali, lakini chuo kinauliza mambo mbalimbali, na kila moja lina ushahidi wake. Kuwapo nchini kihalali ni jambo moja: tangu mwaka 2011 vyuo vyote vya mfumo wa vyuo vikuu vya Georgia vinatakiwa kulithibitisha kwa kila aliyekubaliwa anayetaka ada ya mkaazi. Kadi yake inatosha kwa hilo, na leseni ya udereva ya Georgia iliyotolewa baada ya tarehe 1 Januari 2008 nayo hukubaliwa. Kuwa mkaazi wa jimbo ni jambo jengine, na hapo kadi haisemi kitu, kwa sababu mwenye kadi aliyehamia jana kutoka Ohio bado si mkaazi wa Georgia. Mwanafunzi anayetegemea wazazi huangaliwa kupitia mzazi wake, ambaye awe ameishi Georgia miezi 12 mfululizo kabla ya siku ya kwanza ya masomo, na mtoto awe amemaliza sekondari humo au awe ameandikwa na mzazi huyo kuwa ni mtegemezi wake katika ritani ya kodi. Mpwa wako anaonekana kutimiza hayo.

Kuhusu FAFSA kutolingana, nakisia ni jina, na nakisia hivyo kwa sababu kwa Wazanzibari nililiona mara nyingi mno. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, wala hatuna ukoo wa kuandika mwishoni kama wao. Basi kwenye kadi majina mawili ya mwisho hukaa pamoja kama ukoo, skuli humwandika kwa jina la babu peke yake, na fomu ya chuo hujazwa kwa namna ya tatu. Ukiongeza Khamis mmoja mwenye "K" na Hamis mwengine asiye nayo, mfumo wa serikali unaoitwa SAVE, ambao hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya A, yaani namba ya uhamiaji iliyo kwenye kadi, haumuoni mtu. Ikiwa hivyo, chuo kinalazimika kupokea nyaraka zake na kuziwasilisha tena kwa uhakiki wa ndani zaidi, na kanuni inampa mwanafunzi angalau siku 30 za kuzileta. Aende mwenyewe na kadi halisi, pasipoti ya Tanzania na kadi ya hifadhi ya jamii (Social Security), na aombe jina lake liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi.

Ya dada ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Kama bado ni mke wa baba wa binti, FAFSA humhesabu hata akiwa Wete, na ikiwa mume hakuwasilisha ritani ya kodi kwa pamoja naye, yeye afungue akaunti yake katika tovuti ya msaada wa serikali. Asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani anaruhusiwa. Kipato chake cha karafuu na cha duka kigeuzwe kuwa dola na kiandikwe kama kilivyo, bila ya kupunguzwa. Muhimu zaidi ni ridhaa na saini yake, kwani mzazi anayetakiwa asipotoa ridhaa, mtoto hukosa msaada wote wa serikali kuu, ikiwemo ruzuku ya Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–2026 inafikia dola 7,395 na hairudishwi. FAFSA haina malipo, kwa hiyo anayewadai hata senti moja mkimbieni.

Baba Ali wa Mkoani, sasa Savannah

Maalim, nakubaliana na Bi kuhusu hatari ya kudai uraia, lakini kabla hatujamlaumu jamaa yule naomba uulize kwanza: baba mtu aliapa tarehe gani, na wakati huo binti alikuwa na umri gani na akiishi kwa nani? Sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, ambayo imeanza kutumika Februari 2001, inampa uraia moja kwa moja, bila ya kuapa wala kuomba, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi, anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi ambaye ni raia. Mwanangu mwenyewe alikuwa raia kwa miaka miwili nasi hatuna habari.

Mjomba wa Wete

Nimempigia simu baba yake usiku huu. Cheti chake ni cha Mei 2024. Binti alikuwa na miaka 17, na tangu alipofika hajaishi kwengine ila kwa baba yake. Dada na shemeji yangu hawajawahi kuachana.

Baba Ali wa Mkoani, sasa Savannah

Basi kwa maelezo hayo, huyo ni raia wa Marekani tangu siku baba yake alipoapa, na jamaa alisema kweli bila ya kujua kwa nini. Lakini uraia usiokuwa na karatasi hauipiti kompyuta. Hifadhi ya jamii bado wanamjua kama mgeni, na akibadilisha FAFSA leo italingana vibaya kuliko mwanzo. Apate ushahidi kwanza, kisha ndipo arekebishe.

Njia ya karibu ni pasipoti ya Marekani. Aombe mwenyewe kwa fomu ya DS-11 katika ofisi ya posta inayopokea maombi hayo, akiwa na cheti cha uraia cha baba, grini kadi yake, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa cha wazazi. Kwa aliyefika miaka 16 ada yake ni dola 165 kwa jumla. Kuna pia cheti cha uraia kwa fomu N-600, ambacho kikiombwa kwa fomu ya karatasi ada yake ni dola 1,385. Ni kizuri kuwa nacho maishani, lakini si cha kukikimbilia kabla ya Agosti. Pasipoti ikitoka, aipeleke hifadhi ya jamii wabadilishe kumbukumbu zao, na baada ya hapo airekebishe FAFSA.

Ada isisubiri hayo. Aende chuoni wiki hii na kadi, kama alivyosema Bi, na awaambie ukweli wote, pamoja na tarehe aliyoapa baba yake.

Karani mstaafu, Chake Chake

Naongeza la huku kwetu. Cheti cha kuzaliwa na cha ndoa viwe vimetolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Barua ya sheha, ambayo kwetu hutusaidia katika mengi, huko haitashika nafasi ya cheti. Kabla ya kuvituma, tazameni jina la baba kwenye cheti cha mtoto na mulilinganishe na lile lililo kwenye cheti cha uraia cha huyo baba, maana wengi wakiapa hubadilisha tahajia au huacha jina la babu. Likitofautiana, aliyebadilisha jina wakati wa kuapa atafute karatasi ya mabadiliko hayo iende pamoja. Na ikiwa kuna maneno ya Kiswahili, yafasiriwe yote, na mfasiri aandike na kutia saini kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri yake ni kamili na sahihi.

Mjomba wa Wete

Nimelitazama jina: cheti cha mtoto kinasema Khamis, cha shemeji kinasema Hamis. Binti anakwenda chuoni Jumatatu na kadi yake. Mimi na dada tunakwenda ofisi ya usajili asubuhi hiyo hiyo, naye nimeshamfungulia barua pepe ya akaunti, kwani hakuwa nayo.