Nani anasimamia kingo za Mto Themi?

Swali: Ndugu zangu, hapa Arusha kuna mtu anamwaga kifusi na kujenga ukuta ukingoni kabisa mwa Themi. Je, halmashauri inaweza kuruhusu jambo hilo?

Jibu: Ndugu, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kama ilivyo kwa mwambao wa bahari, na kibali cha ujenzi hakifuti katazo hilo. Mwandikie mtendaji wa mtaa, ubaki na nakala.

Jibu: Ipelekee nakala pia Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, Moshi, kwa kuwa maji ya Themi huingia Mto Kikuletwa, kisha Bwawa la Nyumba ya Mungu, hadi Bahari ya Hindi, na wakulima wa sehemu za chini za mto wanayategemea.